Unyoya mmoja, mawe mawili: uchambuzi wa kisa cha kitabu cha picha na grafu ya kwanza ya watoto

Usuli

Kisa hiki ni cha darasa moja la watoto 28 wa miaka 5 na 6, mwalimu wao, na kitabu kimoja cha picha. Majina, mahali na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa, na jina la kitabu nalo nimeliacha. Mimi ni mwalimu mwenzake. Nilikaa nyuma ya darasa na daftari, tulipanga masomo pamoja, na kila kipindi kilipokwisha tulikaa kupitia yaliyotokea. Kwa hiyo makosa yatakayotajwa humu ni yetu sote wawili.

Mada ilikuwa kukusanya takwimu na kuzionyesha kwa picha, kisha kwa mihimili, yaani safu zilizopakwa rangi ambazo urefu wake unaonyesha idadi. Mwaka uliotangulia mwalimu huyu alikuwa ameifundisha kwa njia iliyozoeleka: alichora grafu ubaoni, akauliza safu ipi ni ndefu na ipi ni fupi, watoto wakajibu kwa pamoja na kwa usahihi. Siku moja akamuuliza mtoto mmoja peke yake, “Grafu hii inatuambia nini?” Mtoto akajibu, “Nyekundu imeshinda.” Imeshinda nini, hakujua. Watoto walikuwa wanasoma urefu, habari iliyomo hawaisomi. Jibu lile lilimsumbua mwalimu mwaka mzima, na ndilo lililotufanya tutafute njia nyingine.

Kwa nini kitabu cha picha

Watoto wa umri huu wakikusanya takwimu za vitu vinavyopita, kwa mfano ndege wanaotua dirishani, ubishi hauishi. Mmoja anasema waliotua ni wanne, mwingine watano, na ndege wameshaondoka. Kitabu hakiondoki. Mkibishana mnafungua tena ukurasa ule ule, mnahesabu mbele ya macho ya wote. Tena hadithi nzuri humfanya mtoto atake kujua jambo, na bila kutaka kujua, grafu ni kazi ya kupaka rangi tu.

Kitabu tulichochagua kinamhusu mtoto anayetembea na bibi yake. Kila ukurasa anaokota kitu na kukitia mfukoni: majani, mawe, mbegu, manyoya ya ndege. Mfuko unazidi kuvimba hadi unachanika. Bibi anamwambia hawezi kubeba vyote, achague. Ukurasa wa mwisho unawaonyesha wakirudi nyumbani, mtoto amefumba kiganja, na kitabu hakisemi ndani ya kiganja mna nini.

Tulikipenda kwa sababu kina maswali mawili ya aina tofauti. La kwanza, mtoto aliokota nini kwa wingi, jibu lake limo kurasani. La pili, wewe ungebakiza nini, halimo popote ila vichwani mwa watoto wenyewe. La kwanza lingetupa takwimu za kusoma, la pili takwimu za kukusanya. Vitabu vingi vya kuhesabu vinatoa lile la kwanza tu, tena kwa mpangilio ulionyooka, moja ukurasa wa kwanza, mbili wa pili, kiasi kwamba mtoto anatabiri jibu bila kuangalia picha. Hiki kilikuwa vurugu: mawe mawili ukurasa huu, unyoya mmoja ule, jani limejificha nyuma ya kiatu cha bibi. Vurugu hiyo ndiyo iliyofanya grafu ihitajike.

Siku ya kwanza: hadithi iliyokatwakatwa

Tulikubaliana kuwa mwalimu asome na kuhesabu kwa wakati mmoja, ili kuokoa muda. Kila ukurasa alisimama: “Ameokota nini? Vingapi?” Ukurasa wa tatu watoto walikuwa bado wanajibu. Ukurasa wa sita wengine walikuwa wanachezea kamba za viatu. Ukurasa wa nane mtoto mmoja, kwa adabu kabisa, akasema, “Mwalimu, soma kwanza, tuone kama mfuko utachanika.”

Mwalimu alifunga kitabu, akafikiri kidogo, akaanza upya tangu ukurasa wa kwanza bila kuuliza swali hata moja. Mfuko ulipochanika darasa zima lilishusha pumzi. Uamuzi ule, kwa maoni yangu, ndio uliookoa kazi yote. Hadithi ni lazima iwe ya watoto kwanza ndipo iwe ya hesabu. Mtoto ambaye hajamhurumia mwenye mfuko hana sababu ya kutaka kujua ulikuwa na nini.

Siku ya pili: grafu ya sakafuni

Siku iliyofuata tulileta vitu halisi: majani, mawe, mbegu na manyoya. Hapa tulikuwa tunafuata mwendo unaojulikana na walimu wengi wa watoto wadogo, ambao mwanasaikolojia Jerome Bruner aliuandika katika miaka ya 1960: mtoto aanze kwa kushika na kutenda, aende kwenye picha, ndipo afike kwenye alama kama namba. Mwalimu akafungua kitabu tena. Kwa kila kitu kilichookotwa, mtoto mmoja aliinuka, akachukua kitu kama hicho na kukilaza sakafuni kwenye mstari wake.

Mistari ilipokamilika mwalimu akauliza, “Vipi ni vingi zaidi, mawe au manyoya?” Mawe yalikuwa 6, manyoya 3. Lakini kila unyoya ulikuwa na urefu wa mawe mawili. Mistari miwili ililala sambamba, ikaishia mahali pamoja.

“Ziko sawa!” darasa likajibu.

Nilimwona mwalimu akinitazama. Hatukuwa tumelifikiria hilo hata kidogo, na tulipaswa kulifikiria. Wanasaikolojia Jean Piaget na Alina Szeminska walilieleza mwaka 1941: ukimwonyesha mtoto mdogo mistari miwili yenye idadi sawa ya vitu, kisha ukautandaza mmoja uwe mrefu, mtoto wa miaka 4 au 5 atakuambia mrefu una vitu vingi zaidi, hata kama amekuona ukiutandaza. Anaamua kwa jicho. Hata anayejua kuhesabu hadi ishirini anaweza kuamua hivyo hivyo, kwa kuwa kutaja namba ni jambo moja, na kuziamini kuliko macho ni jambo jingine.

Mwalimu angeweza kusema, “Hapana, hesabuni.” Hakusema. Aliuliza, “Tutajuaje kwa hakika?” Kimya kirefu kikapita. Mmoja akapendekeza kupima kwa rula, mwingine akasema tuangalie tena kitabuni. Kisha msichana mmoja, ambaye kwa kawaida huzungumza kidogo, akapiga magoti, akachukua jiwe na kuliweka juu ya unyoya wa kwanza. La pili akaliweka juu ya unyoya wa pili, la tatu juu ya wa tatu. Mawe matatu yakabaki sakafuni peke yake. Akayaangalia, akamgeukia mwalimu: “Haya hayana pa kukaa.”

Nilipokuwa naandika sentensi hiyo mkono wangu ulikuwa unatetemeka kidogo kwa furaha. Mtoto yule alikuwa amegundua, bila kuambiwa, kanuni inayoibeba grafu yoyote ya mihimili: kitu kimoja, nafasi moja.

Mwalimu aliidaka papo hapo. Aliwauliza watoto tufanye nini ili jicho lisidanganywe tena. Wakapendekeza tutafute manyoya mafupi, au tuvunje marefu, jambo ambalo liliwaumiza baadhi yao. Mwishowe mmoja akasema kila kitu kipewe “chumba chake”, na vyumba vyote viwe sawa. Mwalimu akachukua utepe wa karatasi akagawa sakafu kuwa miraba. Kisha akavuta mstari mmoja mnene chini ya safu zote na kusema hapo ndipo mahali pa kuanzia, kama wakimbiaji wanavyoanza mstari mmoja. Kwa siku mbili zilizofuata neno la darasa likawa “chumba”, na hatukuona haja ya kuliondoa.

Siku ya tatu: kijiti chenye jani na mbegu

Tulihamia kwenye karatasi ya manila iliyochorwa miraba, na kadi ndogo zenye ukubwa sawa, kila kadi na picha ya kitu kimoja. Watoto walibandika kuanzia mstari mnene kwenda juu. Kazi ilienda vizuri hadi ukurasa wa mwisho kabla ya mfuko kuchanika. Hapo mtoto wa hadithini ameokota kijiti kimoja. Kijiti kina jani moja na mbegu mbili.

Wapi kibandikwe? Kundi moja likasema kwenye majani, kwa kuwa jani ndilo linaloonekana kwanza. Jingine likasema kwenye mbegu, kwa kuwa ni mbili. Mvulana mmoja akasema si jani wala mbegu, kianzishiwe safu yake. Mwingine akasema, “Aliinama mara moja. Kwa hiyo ni kimoja.” Jirani yake akamjibu, “Lakini mfukoni vimeingia vitatu.”

Wote wawili walikuwa sahihi, na mwalimu aliwaambia hivyo. Kama swali ni mtoto aliinama mara ngapi, kijiti ni kimoja. Kama swali ni mfukoni mlikuwa na nini, ni jani moja na mbegu mbili. Akawakumbusha kwamba tulitaka kujua kilichouchana mfuko. Darasa likakubali kadi tatu. Safu zikaishia hivi: majani 8, mawe 6, mbegu 5, manyoya 3.

Mjadala huo ulichukua dakika 15, robo tatu ya kipindi. Mwalimu aliona amepoteza muda, mimi naona hapo ndipo somo lilipokuwa. Grafu zinazopewa watoto zikiwa zimeshagawanywa makundi huwaficha sehemu ngumu kuliko zote, yaani kuamua nini kiwe kundi gani na kwa sababu ya swali lipi. Watu wazima wanaoandaa takwimu hupambana na kijiti hicho kila siku.

Kisha yakaja maswali, na hapo tukakwama. “Majani yamezidi mawe kwa ngapi?” “Nane!” Mwalimu akarudia polepole. “Nane!” Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ambayo haikusaidia chochote. Watoto walilisikia neno “majani” na neno “ngapi”, wakahesabu majani.

Nilimkumbusha wakati wa mapumziko jaribio la mtafiti Tom Hudson la mwaka 1983. Aliwaonyesha watoto picha ya ndege na minyoo. Alipouliza ndege wamezidi minyoo kwa wangapi, wengi walikosea. Alipouliza ndege wangapi watakosa mnyoo, wengi mno walipata, ingawa picha ilikuwa ile ile. Baada ya mapumziko mwalimu akasema, “Kila jiwe lishikane mkono na jani. Majani mangapi yatakosa mwenzake?” Vidole vikapanda kwenye miraba. “Mawili!”

Siku ya nne: kura

Sasa swali la pili: ungebakiza nini? Watoto waliokuwepo siku hiyo walikuwa 27. Kila mmoja alipewa kadi, akaandika jina lake nyuma, akachora alichochagua, akaenda kubandika mbele ya wenzake.

Kadi tano za kwanza zilikuwa za manyoya. Ya sita pia, na ya saba. Ikawa dhahiri kwamba watoto wanachagua safu ya rafiki, au safu inayoshinda. Mwalimu akasitisha, akarudisha kadi zote, na kuwaambia kila mmoja achore akiwa amefunika karatasi kwa mkono, kisha azikusanye yeye. Uamuzi mzuri, uliochelewa.

Kadi zilipobandikwa manyoya yalikuwa 10, mawe 10, mbegu 5, majani 3. Mwalimu akauliza, “Jumla ni ngapi?” Wakahesabu: 28. “Na sisi tuko wangapi?” Wakahesabiana: 27. Nilitamani kila mwalimu auone uso wa darasa wakati huo. Grafu ilikuwa na mtu asiyekuwepo.

Kilichofuata hakinifurahishi. Mwalimu aligeuza kadi moja moja kusoma majina hadi akapata jina lililotokea mara mbili, kwenye manyoya na kwenye mawe. Mtoto mwenyewe akasema ameshindwa kuchagua, alivipenda vyote. Akaombwa aondoe kadi moja. Lakini safu zilikuwa 10 kwa 10, na darasa likaanza kumpigia kelele, kila upande ukitaka abakize kadi yake. Alisimama pale akiwa na machozi karibu, akaondoa ya mawe haraka haraka na kurudi kukaa. Matokeo yakawa manyoya 10, mawe 9.

Hesabu ya kulinganisha jumla na idadi ya watu ilikuwa hatua bora ya wiki nzima. Namna tulivyoitekeleza ilimgeuza mtoto mmoja kuwa kosa la darasa. Mwalimu alikwenda kukaa naye baadaye, akamwambia kwamba kupenda vitu viwili si vibaya, na kwamba ni kwa sababu yake darasa limejifunza kukagua. Bado, tungeweza kugeuza kadi pembeni na kumuuliza kwa siri.

Siku ya tano: grafu mbili ukutani

Tulibandika grafu zote mbili ubavu kwa ubavu, safu zikiwa zimepakwa rangi kuwa mihimili, bila picha. Hapa tulitumia ngazi tatu za kusoma grafu alizozieleza mtafiti wa elimu ya hesabu Frances Curcio mwaka 1987: kusoma kilichoandikwa, kusoma uhusiano kati ya vilivyoandikwa, na kusoma zaidi ya vilivyoandikwa. Ngazi ya kwanza iliwachukua dakika chache. Ya pili, yaani kulinganisha safu, nimeshaieleza kwenye siku ya tatu. Ya tatu mwalimu aliifungua kwa swali: “Jana mwenzenu mmoja hakuja. Mnadhani atachagua nini?”

Wengi wakasema unyoya. Aliyekosa kuja akaulizwa, akasema mbegu, akapewa kadi yake. Baadhi ya watoto walikasirika kana kwamba amekosea. Mwalimu akawaonyesha safu ya mbegu: watu watano walishachagua hivyo, kwa hiyo halikuwa jambo la ajabu, ila halikuwa la kutegemewa zaidi. Nadhani watoto wachache tu walimwelewa, na si vibaya. Wazo hilo huiva taratibu.

Kisha akauliza swali ambalo hatukuwa tumelipanga: “Kwenye grafu hizi mbili mnaona nini?” Majani yalikuwa safu ndefu kuliko zote upande wa kitabu na fupi kuliko zote upande wa kura. Msichana wa mawe na manyoya akanyoosha mkono: “Majani yapo mengi. Ndiyo maana hatuyataki.”

Matokeo

Wiki mbili baadaye mwalimu alikaa na kila mtoto kwa dakika chache. Aliwaonyesha grafu mpya iliyokosewa makusudi: picha kubwa 3 katika safu moja, picha ndogo 5 katika nyingine, safu zikiwa na urefu sawa. Watoto 19 walisema vitu havijapangwa vizuri au vyumba si sawa. Watatu walihesabu na kujibu sahihi bila kuona kasoro ya grafu yenyewe. Sita walisema safu ziko sawa.

Swali la “vingapi vitakosa mwenzake” walilipata 24. Swali lile lile kwa maneno ya “imezidi kwa ngapi” walilipata 12 tu. Na alipouliza, “Grafu hii inahusu nini?” hakuna aliyetaja rangi.

Uchambuzi

Pengo la 24 na 12 ndilo linaloniuma. Tulipata njia ya kuwafikisha watoto kwenye tofauti, tukaifurahia, tukasahau kwamba mitihani na vitabu vya mbele vitawauliza kwa maneno mengine. Tulipaswa kuyasema maneno yote mawili pamoja kila mara, siku baada ya siku: “Majani mawili yamekosa mwenzake, kwa hiyo majani yamezidi mawe kwa mawili.” Lugha ya hadithi ilikuwa daraja, sisi tukaishia katikati yake.

Kuhusu vitu halisi, wapo watakaosema kosa la manyoya marefu lingeepukika kwa kuanza na vipande vya ukubwa sawa. Lingeepukika kweli. Lakini basi miraba ingekuwa amri ya mwalimu, na watoto 19 wasingekuwa na sababu ya kuidai. Mwakani nitaleta manyoya marefu tena, safari hii kwa kukusudia. William Playfair, aliyechapisha grafu ya mihimili ya kwanza inayojulikana mwaka 1786, aliitumia kwa sababu alikuwa na takwimu za biashara ya Uskoti za mwaka mmoja tu, hivyo hakuweza kuchora mstari wa kuonyesha mabadiliko mwaka hadi mwaka. Naye alisukumwa na uhitaji. Sioni kwa nini mtoto wa miaka 5 apewe jibu kabla ya kuhisi uhitaji wenyewe.

Kasi yetu haikuwa nzuri mwishoni. Kutoka picha hadi mihimili mitupu tulitumia siku moja, na wale sita waliobaki nyuma wengi wao ndio waliopotea hapo: picha zilipoondoka, kwao vitu navyo viliondoka. Ingefaa grafu ya picha ikae ukutani wiki nzima, na mihimili ipakwe rangi juu ya picha zile zile huku bado zikionekana chini ya rangi.

Kitabu kinachofuata tumeshakichagua, kina abiria wanaopanda na kushuka, jambo litakalotuletea matatizo mapya kwa kuwa idadi inapungua pia. Kitasomwa mara mbili bila swali. Kura itapigwa kwa siri tangu mwanzo, na majina nyuma ya kadi atayasoma mwalimu peke yake.